Wizara ya Kuonekana

Katika nchi ambayo jina lake tumeombwa tusilitaje, na ambayo msomaji hawezi kuitambua kwa kuwa haifanani na nchi yoyote anayoijua, iliingia homa ya kifua. Iliingia wakati wa kiangazi, bila kibali. Serikali ilitangaza redioni kwamba homa hiyo imekamatwa mpakani. Baadaye ilitangaza kwamba iliyokamatwa mpakani ilikuwa nyingine.

Lazima tuseme kwa haki kwamba serikali ile haikuipinga sayansi. Wataalamu walieleza kuwa homa inasafiri kwa pumzi, na kwamba kitambaa kinachofunika mdomo na pua huikatiza safari. Jambo hilo ni la kweli, na serikali ililikubali. Iliunda wizara ya kulihimiza na kuikabidhi kwa Mheshimiwa Daktari Mlekwa, aliyepata udaktari wake katika fani ya upangaji wa magwaride.

Daktari Mlekwa alihimiza. Palikuwa na mabango, kwaya, na mbio za baiskeli ambazo washindi walizawadiwa barakoa. Wananchi walizipokea kwa furaha. Walizivaa kidevuni, walizivaa mkononi, walizitundika kwenye vioo vya magari. Katika kila ofisi ya umma kulikuwa na tangazo kwamba haingii mtu bila barakoa, na kando ya tangazo palikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia barakoa moja. Aliyeingia aliivaa. Aliyetoka aliivua na kumpa aliyefuata.

"Shemeji, umekaa nayo sana," mtu aliyesubiri nje angesema.

"Ngoja kidogo, nimalize kukohoa nikupe."

Siku Daktari Mlekwa alipoitembelea ofisi ya ardhi alisimama mlangoni akaitazama barakoa ile ikipita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Alisifu moyo wa ushirikiano wa wananchi wake. Mshauri wake alimnong'oneza sikioni kwa muda. Waziri aliacha kutabasamu, na bila kupoteza wakati akapeleka bungeni Sheria ya Kuonekana.

"Waheshimiwa," alisema akiiwasilisha, "tumehimiza hadi sauti zikakauka. Sasa tutabadili njia. Asiyevaa barakoa hatutampiga, hatutamfunga, hatutamtoza faini. Sisi ni serikali ya upole. Hatutamwona tu."

Wabunge waligonga meza. Sheria ilisema kwamba mtu asiye na barakoa hayupo. Mtumishi yeyote wa umma asimsalimu, asimhudumie, asimjibu, asimpishe njia. Iliundwa kada mpya ya maafisa waliovaa mashati ya khaki, wakaitwa Waonaji. Alichokisema Mwonaji kuwa amekiona, kimeonekana, na hakuna mamlaka ya kukitengua, hata ya Waziri. Kifungu hicho Daktari Mlekwa alikiandika mwenyewe ili sheria iwe na uzito.

Ilikuwa na uzito. Mama mmoja aliyekuwa akifukuzwa kila siku kwa kuuza sambusa mbele ya mahakama alivua barakoa na kuendelea na biashara bila bughudha. Hakimu alinunua kwake kila asubuhi, na akitakiwa aeleze sambusa imetoka wapi, alisema ameikuta. Mwizi wa ng'ombe alitoka kituo cha polisi akiwa uso mtupu, akaaga, na askari wa zamu wakasikika wakizungumza juu ya upepo unaofungua milango. Bwana harusi mmoja aliivua barakoa yake ili apigwe picha, na msajili wa ndoa akamwuliza bibi harusi kwa huruma kama anataka kusubiri au aende nyumbani.

Wizara ilifanya utafiti wa kitaifa. Waonaji walikwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza kila waliyemwona kama amevaa barakoa. Wote walikuwa wamevaa. Mataifa jirani yalituma wajumbe kujifunza.

Jambo ambalo sheria haikulifikiria ni kwamba mtu mwenye homa ya kifua, akifika hatua fulani, hawezi kuvumilia kitambaa puani. Anataka hewa. Ataivua barakoa, au atavuliwa na mwenye kumwuguza. Kwa hiyo wagonjwa waliozidiwa walitoweka mmoja mmoja vitandani mwao, huku wakikoroma. Daktari wa zamu alipita na wauguzi wake, akatazama vitanda, akasema, "Hapa wazi. Hapa wazi. Na hapa wazi." Mgonjwa aliyeshika koti la daktari alimfanya ahisi kwamba amenaswa na msumari.

Na waliokufa, walikufa wakiwa hawapo. Serikali ilitangaza kila Ijumaa, kwa ukweli kamili wa kisheria, kwamba hakuna raia aliyefariki kwa homa.

Watu walizika. Walizika mchana kweupe, mbele ya maafisa, kwa kuwa walijifunza upesi kwamba msafara ambao kila mtu ndani yake yuko uso mtupu hauwezi kusimamishwa na yeyote. Mwonaji angekaa njia panda akitazama mbele, na jeneza lingepita karibu na goti lake. Waombolezaji walibanana, wakalia, wakakumbatiana, wakapumuliana. Homa haikuwa na hoja yoyote dhidi ya utaratibu huo. Nyuma ya kila msafara ulifuata mwingine, na katika ule wa pili walibebwa baadhi ya waliobeba katika ule wa kwanza. Makaburi ya mji mkuu yalipanuka hadi yakavuka ukuta na kuingia katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Ofisa wa ardhi alipoulizwa vilima vile ni nini, alisema ni matuta.

Katika mji huo aliishi mwalimu wa baiolojia aitwaye Siwatu, aliyevaa barakoa tangu kabla ya sheria, kwa sababu alijua inafanya nini. Mama yake, Bi Tunu, alishikwa na homa. Siwatu alimpeleka hospitali, akakaa naye. Bi Tunu alivaa barakoa kwa utii mpaka pumzi zilipokuwa fupi kama za mtu anayepanda ngazi, ndipo alipoinua mkono kuivua na mkono haukufika.

"Nitolee, mwanangu," alisema.

Siwatu alijua maana yake. Akimtolea, hakuna daktari atakayekuja tena. Asipomtolea, mama yake atakufa akihangaika chini ya kitambaa alichokishona Siwatu mwenyewe. Alimtolea. Bi Tunu akavuta hewa, akamtazama bintiye, akatazama dari, na muuguzi aliyekuwa akimfunga kipimo mkononi akaachia mkono huo katikati ya kazi na kwenda kitanda kingine.

Alikufa siku ya pili, alasiri. Siwatu alimwendea daktari wa zamu, mtu aliyenyoa ndevu vizuri na kuitwa Dokta Sekibo.

"Nimekuja kumchukua mama yangu."

"Yuko wadi gani?"

"Hii. Kitanda kile cha dirishani."

Dokta Sekibo alikitazama kitanda kwa makini. "Mwalimu, pale hapana mtu."

"Dokta, umeegemea mguu wake."

Daktari alisogea kidogo. "Pole sana kwa uchovu. Lakini siwezi kutia saini kuruhusu kitu ambacho hakipo kitoke mahali ambapo hakikuwapo. Wenzako hubeba tu na kwenda zao. Hakuna anayewazuia. Beba, dada yangu."

Ilikuwa ruhusa, na kwa siku zile ilikuwa huruma. Siwatu alirudi kitandani. Kuna desturi katika nchi ile, ya zamani kuliko serikali zake zote: kabla ya kuzikwa, uso wa maiti hufunuliwa, na kila mtoto wake huinama na kumwomba radhi kwa sauti. Mkubwa wa ukoo hujibu kwa niaba ya aliyelala, "Umepewa." Mtoto ambaye hakujibiwa hivyo, husemwa, ataishi kama mtu aliyeitwa na kugeuka bila kukuta mtu. Siwatu hakuwa mwepesi wa kuamini mambo. Lakini aliutazama mkono wake, uliovua kitambaa na kumfanya mama yake asiwepo, akajua kwamba radhi hiyo anaihitaji, na kwamba hawezi kuiomba kwa mtu ambaye nchi nzima inasema hakuwapo.

Akaichukua barakoa kutoka chini ya mto, akamvisha mama yake, akaikaza vizuri juu ya pua.

"Ah," alisema Dokta Sekibo nyuma yake. "Bi Tunu. Shikamoo, mama. Tulikuwa hatujakuona."

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka, kama yanavyokwenda ofisini mambo yanapopata njia. Mgonjwa wa homa ya kifua alikuwa ameonekana, amevaa barakoa, hakoromi, hahangaiki, hana joto. Hakuna raia aliyewahi kufa kwa homa hiyo. Kwa hiyo alikuwa amepona. Dokta Sekibo alipiga simu wizarani. Daktari Mlekwa alifika akiwa na bendi.

Bi Tunu aliketishwa kwenye kiti cha magurudumu, akafungwa mkanda kiunoni kwa usalama, na kuvishwa shada la maua. Waziri alimhutubia.

"Mama yetu mpendwa. Umekuja hapa dhaifu, unaondoka umetulia. Umetulia kuliko sisi tunaokutazama. Wapo waliovua barakoa kwa kisingizio cha kupumua. Wako wapi leo? Wewe hukuitanguliza pumzi yako mbele ya taifa. Wizara yangu inakutangaza kuwa Mfano Hai wa Uvaaji Barakoa." Akainama kumpa kipaza sauti. "Una lolote la kuwaambia wananchi?"

Kipaza sauti kilikaa mbele ya kitambaa kwa muda mrefu. Kilinasa sauti ya feni ya dari. Watu waliokuwa wakisikiliza redio majumbani walisema baadaye kwamba waliacha walichokuwa wakifanya, na kwamba waliifahamu sauti ile ya feni, kila mmoja kutoka kitanda anachokijua yeye.

"Unyenyekevu," alisema Waziri, akakirudisha kipaza sauti. Alipoishika mikono ya Bi Tunu kumpongeza, aliishika kidogo, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Bendi ilipiga.

Siwatu alimrudisha mama yake nyumbani kwa gari la wizara. Mwonaji mmoja, Bwana Ngwali, kijana mpole aliyekuwa zamani mpima macho, aliagizwa kukaa barazani kumlinda Mfano Hai na kuhakikisha anaendelea vizuri. Ukoo ulikusanyika ndani, na mkubwa wao, Mjomba Dihenga, akamvuta Siwatu kando.

"Sasa tufanye nini na balaa hili? Mvue tu hicho kitambaa, mwanangu. Ukimvua, huyo bwana wa nje hamwoni. Sote tunavua zetu, tunambeba, tunapita mbele yake, tunamzika mama yako kwa amani kama tulivyomzika baba wa Kidawa."

"Baba wa Kidawa tulimzika kwa kubanana, mjomba. Kidawa yuko wapi sasa?"

Kidawa alikuwa kwenye matuta, jirani na baba yake.

"Tukivua, tutamzika mama na nusu ya waliomo humu ndani," alisema Siwatu. "Na mama atakuwa hakufa. Atakuwa hakuwahi kuwapo. Mimi ndiye niliyemwondoa mara ya kwanza. Siwezi kumwondoa tena."

"Na ukimwacha nayo usoni, kisheria ni mzima. Ukimzika mtu mzima aliyepewa shada na Waziri, utaozea jela."

"Najua."

"Na radhi? Utaombaje radhi kwa uso uliofunikwa? Nitakujibuje? Ukoo huu haujawahi kujibu kwa kitambaa."

"Utanyamaza ukitaka, mjomba. Mimi nitaomba."

Mjomba Dihenga alisema neno kuhusu watu waliosomeshwa, ambalo hatutalirudia. Kisha akafungua sanduku la Siwatu la vitambaa, akachagua barakoa, akaivaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa barakoa kupanda juu ya kidevu chake. Wengine wakafuata.

Walitoka asubuhi. Bwana Ngwali, barazani, aliona jambo ambalo Mwonaji hakuwahi kuliona tangu kada yake iundwe: msafara wa mazishi. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine kwa kuachana, nyuso zimefunikwa, na kila mmoja alionekana. Aliwafuata hadi uwanja wa maonyesho ya kilimo. Hakujua afanye nini kingine. Walipoliteremsha jeneza kando ya kaburi aliinua mkono.

"Samahani. Mnamzika nani?"

"Mama yangu," alisema Siwatu.

"Bi Tunu? Bi Tunu amepona. Nilikuwapo akipewa shada."

"Mkague, afande. Ni kazi yako."

"Mwalimu, usiniweke pabaya." Aliteremsha sauti. "Nina watoto. Mvue tu barakoa, tafadhali. Mimi nitageuka nitazame kule. Sikuwaona, hamkuniona, kila mtu aende kwake."

"Ulimzika nani wewe?" aliuliza Mjomba Dihenga, ghafla.

Bwana Ngwali aliuteremsha mkono aliokuwa ameuinua. "Mke wangu," alisema. "Kisheria sikuwahi kuoa."

Siwatu alipiga magoti. Sanda ilikuwa imefunguliwa kichwani, na juu ya uso kilikuwapo kitambaa cheupe, kimekazwa puani. Hakukifunua.

"Mama," alisema, "mimi ndiye niliyekuvua. Uliniomba hewa nikakupa, nikakunyima watu. Niwie radhi."

Mjomba Dihenga alimtazama Mwonaji, akatazama chini. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna anayejibu kwa niaba ya mtu mzima.

Bwana Ngwali alisogea. Alikuwa mtu aliyefunzwa kutazama. Kabla ya wizara alitazama macho ya watu kwa taa ndogo na kuwaambia wanachokiona na wasichokiona. Alichuchumaa upande wa pili wa jeneza akakitazama kitambaa. Barakoa ya mtu anayepumua huingia kidogo na kutoka kidogo. Ni jambo ambalo kila raia wa nchi ile alilijua, maana kwa miezi mingi hawakuwa na kitu kingine cha kutazama katika nyuso za wenzao. Alikitazama muda mrefu. Upepo ulipita juu ya vilima vyote vile ukakifikia, ukaugusa ukingo wake, ukaenda. Katikati, mahali pa mdomo, hapakutikisika.

"Amekufa," alisema Bwana Ngwali.

Alipojisikia akisema hivyo alisimama, akashika kofia yake, akasema tena kwa sauti ya kazi, kama anayesoma tangazo. "Mimi, Mwonaji, nimemwona Bi Tunu. Alikuwapo. Amekufa."

"Umepewa, mwanangu," alisema Mjomba Dihenga. "Umepewa."

Siwatu alikaa vilevile amepiga magoti mpaka walipomwinua.

Wizara ilikutana kwa dharura. Alichokiona Mwonaji kimeonekana, na Daktari Mlekwa, aliyekiandika kifungu hicho, aliambiwa na wanasheria wake kwamba amekiandika vizuri mno. Ijumaa hiyo redio ilitangaza kwamba nchi imempoteza raia wake wa kwanza kwa homa ya kifua, na kwamba wananchi wasiwe na hofu, kwa kuwa ni mmoja. Bwana Ngwali aliitwa makao makuu akavuliwa barakoa mbele ya wenzake. Hakufukuzwa kazi, hakuna wa kufukuza. Bado huenda ofisini na kuketi mezani pake, na wenzake huweka majalada juu ya mapaja yake.

Watu, hata hivyo, walikuwa wamesikia. Jumatatu palikuwa na foleni mbele ya Wizara ya Kuonekana. Ilianza mlangoni, ikapita posta, ikapinda sokoni, na waliokwenda kutafuta mwisho wake walirudi wakisema bado watu wanaongezeka. Walikuja kuomba Mwonaji afike kwenye matuta. Kila mmoja alikuwa na barakoa usoni na nyingine mkononi, safi, imepigwa pasi.

Waziri aliitazama foleni kutoka ghorofani na kuagiza itangazwe kuwa haipo. Wanasheria walisema haiwezekani. Wote walikuwa wamevaa.

Ikaamuliwa basi angalau ipangwe vizuri. Mlinzi wa lango alitumwa, akatembea kando ya foleni ile akiwa na kirungu chake, na jambo lililomkera ni kwamba haikuwa imeshikana. Mbele ya kila mtu kulikuwa na nafasi, na si nafasi ya kuepuka homa, kwa kuwa ile ya homa walikuwa wameiacha nyuma yao. Mbele ya wengine nafasi ilikuwa ndogo, ya kimo cha mtoto. Mbele ya mzee mmoja aliyevaa koti la harusi ilikuwa ndefu, ya kutosha watu wa nyumba nzima kusimama.

Mlinzi alimfikia mwanamke aliyeshika barakoa ya maua.

"Mama, sogea mbele. Ziba hilo pengo."

Mwanamke alimtazama, kisha akatazama mbele yake.

"Hapa pana mtu, baba," alisema kwa upole.

Mlinzi alitazama nafasi ile. Alitaka kukatiza hapo aende upande wa pili, kulikokuwa na kivuli. Alisita, akateremsha kirungu, akasema, "Samahani," na akazunguka njia ndefu, kupitia nyuma.